Mtamba mwenye mimba na kipimo cha TB: usitoe hela kabla ya saa 72

Mkuu, simama hapo hapo. Usimtumie mtu hela.

Umeandika umepata mitamba (majike ambao hawajawahi kuzaa) watatu chotara wa Friesian, mimba ya miezi minane, milioni 3.2 kila mmoja. Dalali kakwambia ng'ombe mwenye mimba hapimwi TB maana mimba itatoka, utapima akishazaa, na akifeli "serikali inafidia". Halafu ukauliza kama bei ni halali, banda liwe na ukubwa gani na uanze na pumba kiasi gani. Bei, banda na pumba vitasubiri. Leo najibu ya dalali tu, kwa sababu yote matatu ni uongo, na ada ya shule hiyo nimeshailipa. Sina cheti, lakini risiti ninazo.

Fidia. Hapa Tanzania hakuna mpango wa taifa wa kupima ng'ombe wote, kuchinja waliofeli na kumlipa mfugaji. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 inampa daktari wa serikali nguvu ya kukuwekea karantini, lakini usiisome kama ahadi ya hundi. Kinachotokea kwa kawaida ni machinjioni: mkaguzi anapasua tezi za kichwani, za kifuani na za utumbo, akikuta vijipu vyenye kitu kama jibini kikavu anakata sehemu hiyo na kuitupa, ugonjwa ukiwa umesambaa mwilini, nyama yote inatupwa. Hasara ni ya mwenye ng'ombe. Ndama aliye tumboni hana bei popote kwenye hesabu hiyo.

Hii habari ya fidia watu wanaiokota Uingereza, wanaisimulia nusu. England wanalipa kweli, kwa jedwali la wastani wa bei za soko kulingana na umri, jinsia na aina ya ng'ombe. Ila kwenye jedwali hilo jike wa maziwa mkubwa ni "aliyezaa" au "asiyezaa", kwa hiyo mtamba wako wa miezi minane angehesabiwa na wasiozaa, na maziwa uliyoyapigia hesabu hayalipwi hata lita. Tena kwa kuwa mwenye mimba pevu haruhusiwi kusafirishwa, wafugaji wa huko wamekuwa wakishuhudia ng'ombe wao wakiuawa uani, ndama akiwa tumboni. Wales ilianza kulegeza hilo mwaka 2024: aliye katika siku 60 za mwisho za mimba anaweza kucheleweshewa kuchinjwa, kwa masharti ya kutengwa. Nchi yenye bajeti ya kulipa bado inahangaika na jambo hili, na dalali wa mnadani anakuhakikishia kwa mdomo!

Bima nayo usiiegemee. Ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla ya kukatiwa bima kwa kawaida haulipwi, na TB haiingii leo ikaonekana kesho.

Sasa hapa ndipo pesa inapozamia, nisome taratibu: kulipa yote, kusafirisha, kisha kupima mtamba akiwa mwezi wa mwisho au akiwa amezaa juzi. Kwa mtazamo wa TB hakuna wakati mbaya zaidi ya huo.

Mimba ya ng'ombe ni siku kama 283. Karibu na kuzaa na wiki 4 hadi 6 baada ya kuzaa, kinga ya mwili inashuka, na kipimo cha ngozi, yaani sindano ya shingoni, kinategemea kinga hiyo hiyo ivimbishe shingo. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kusoma "mzima". Unamwingiza bandani na wenzake, wanapumuliana kwenye hori moja, miezi mitatu baadaye unapima tena na sasa wamefeli wawili, mmoja wao ni yule uliyekuwa naye tangu zamani. "Utapima akishazaa" maana yake ni hiyo.

Na akifeli akiwa na miezi minane na nusu, umefungwa mikono. Kumrudisha kwa muuzaji huwezi, maana aliye katika asilimia 10 ya mwisho ya mimba, yaani kama siku 28, hapaswi kupanda lori. Kumpeleka machinjio ya mjini huwezi kwa sababu hiyo hiyo. Kumuuza mnadani kimya kimya ni kumpelekea mwenzako TB pamoja na watoto wake wanaokunywa maziwa, usithubutu. Muuzaji naye anajua yote haya, ndiyo maana mitamba "wa bei poa" mara nyingi wanafika sokoni matumbo yameshuka.

Suala la mimba kutoka: tuberkulini, yaani dawa inayochomwa kwenye kipimo, haina kimelea hai, ni protini tu iliyochujwa. Haitoi mimba. Kinachoweza kumuumiza ni kumwangusha kwa kamba wanaume watano wakimkalia. Tumia kibanio (kichochoro cha mbao au chuma cha kumbana ng'ombe), mshike kichwa, dakika chache kazi imekwisha.

Kipimo chenyewe kijue, ili usipigwe kwa karatasi. Daktari ananyoa sehemu mbili upande mmoja wa shingo, moja juu, moja chini, zimeachana kama sentimita 12. Anakunja ngozi na kuipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), anaandika milimita. Sehemu ya juu anachoma tuberkulini ya TB ya ndege, sehemu ya chini anachoma ya TB ya ng'ombe, mililita 0.1 kila moja, ndani ya ngozi kabisa, siyo chini yake. Ikiingia sawasawa, ukipapasa kwa kidole unakuta kauvimbe kama punje ya njegere. Usipokakuta, dawa imepita chini ya ngozi au imemwagika nje, na majibu yatakuwa ya kubahatisha. Dawa iwe imetoka kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, siyo mfuko wa shati.

Baada ya saa 72 anarudi mtu yule yule na kalipa ile ile. Tuseme chini ilikuwa milimita 7 imekuwa 15, imeongezeka 8. Juu ilikuwa 7 imekuwa 9, imeongezeka 2. Tofauti ni 6. Ikizidi 4, amefeli. Kati ya 1 na 4 ni mashaka, anatengwa na kurudiwa baada ya angalau siku 42, siyo wiki ijayo, kwa sababu sindano ya kwanza huizubaisha ngozi. Wajanja wanautumia upenyo huo: wanamchoma mapema kwa siri, ukija kupima ngozi haistuki. Kabla ya kumchoma papasa shingo pande zote mbili. Ukikuta uvimbe au manyoya yaliyonyolewa karibuni, ondoka. Na ukiona shingo imevimba juu kuliko chini usikimbie: hiyo mara nyingi ni vimelea vya jamii nyingine, siyo TB ya ng'ombe.

Karatasi iliyoandikwa "NEGATIVE" bila vipimo vinne vya milimita, tarehe mbili na namba ya hereni ya sikioni ni ya kufungia maandazi. Kibali cha kusafirisha mifugo nacho siyo cheti cha TB. Dalali atakionyesha kwa mbwembwe, muhuri mkubwa, wino wa bluu. Muulize milimita ziko wapi, utaona anavyotafuta simu mfukoni.

Utaratibu ni huu: nunua mimba ya miezi minne hadi sita. Pima kwa muuzaji, kwa daktari unayemlipa wewe. Siku ya kusoma uwepo, uione kalipa kwa macho. Kama kuna ulazima wa kumzuia mnyama, toa amana ndogo kwa maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji, yenye namba ya hereni na sentensi kwamba akifeli au akiwa wa mashaka amana inarudi yote. Salio ni baada ya kusoma. Akifika kwako akae peke yake, maji yake, hori lake, kisha apimwe tena zikishapita siku 60 tangu kipimo cha kwanza na kabla hajaingia mwezi wa mwisho. Mwenye miezi minane haingii kwenye hesabu hii hata apewe kwa nusu bei, na wako watatu wote wana minane.

Kama umeshalipa na mmoja akafeli, basi mwite daktari wa mifugo wa halmashauri kabla ya kufanya lolote, na anayemlisha ng'ombe huyo amhudumie wa mwisho, asitoke kwake kwenda kwa wengine. Ukiwa na sehemu ya kumtenga kweli, isiyopakana na wenzake, daktari anaweza kukubali azae kwanza, maana ndama wengi huzaliwa wazima. Hatari yao ni maziwa na pumzi ya mama. Mtoe ndama mara anapodondoka. Dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) ya mama huyo usimpe. Tafuta ya ng'ombe aliyepimwa, kama asilimia 10 ya uzito wa ndama ndani ya saa 6 za kwanza. Ukiipasha moto ifanye nyuzi 60 kwa dakika 60, ukiichemsha inaganda na kinga inakufa. Ndama apimwe akifikisha wiki 6.

Ikiamuliwa achinjwe na mimba ni pevu, achinjwe hapo hapo alipo, chini ya daktari. Apoteze fahamu kwanza, kisha kisu. Tumbo la uzazi lisifunguliwe kabla ya dakika 5 kupita tangu kukatwa shingo. Ndama asiyevuta hewa hafikii fahamu, lakini akitolewa haraka akapumua, anateseka. Nimeona watu wanamchomoa mbio mbio "tumwokoe". Mwambieni mchinjaji kabla hajashika kisu, siyo katikati ya kazi.

Kuna atakayekushauri umtibu kwa vidonge vya TB vya binadamu. Hapana. Unaficha ugonjwa na kuzalisha usugu, na kimelea cha ng'ombe tayari kina usugu wa asili kwa pairazinamaidi, moja ya dawa za hospitali.

Mpigie dalali leo, mwambie unataka wa miezi mitano na unakuja na daktari wako. Akisema mwenye ng'ombe hawezi kusubiri siku tatu, mshukuru na ukate simu.