Gurudumu la mbele lateleza machimboni

SWALI: Tunaendesha baiskeli za milimani kwenye njia zilizochongwa ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Kila nikikata kona, gurudumu la mbele linateleza. Nimejaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama jiwe, lakini wapi! Nifanyeje?

JIBU: Punguza huo upepo, ndugu yangu. Tairi gumu hurukaruka juu ya kokoto badala ya kuzing'ata. Toa kidogo kidogo, ila usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukizidisha, rimu itabana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba. Breki ushike kabla ya kona. Ukishaingia, iachie ya mbele, laza baiskeli, na uzito wako uukandamize kwenye pedali ya nje.

Kusema kweli, kona hainitishi kama zile kuta. Mwamba uliolipuliwa kwa baruti hubaki na nyufa, na baada ya mvua mawe huporomoka bila taarifa. Msipumzike chini yake. Wala msiogelee kwenye maji ya shimoni, hata yawe ya kuvutia namna gani: kina chake ni cha ghafla na chini huwa ya baridi kali.

Na kama machimbo yana mwenyewe, ombeni ruhusa kwanza.