Mwanao kuchapa majibu kwenye mtihani: yanayokubalika na ya kuandaa mapema

Dada, umeuliza kama mwanao mwenye disgrafia (ugumu wa kuandika kwa mkono), ambaye mkono humuuma kabla hata ukurasa haujaisha, anaweza kuchapa majibu kwa kompyuta kwenye mtihani sanifu na kuombewa muda wa ziada. Nimesimamia chumba cha watahiniwa wenye mahitaji maalumu kwa miaka mingi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Anaweza. Ila ripoti ya mtaalamu peke yake mara nyingi haitoshi. Wanaoidhinisha hutaka kujua darasani anafanyaje kazi siku zote. Uingereza kanuni iko wazi: kompyuta iwe ndiyo njia yake ya kawaida ya kufanya kazi. Basi aanze kuchapa sasa, kuanzia insha hadi majaribio madogo, na walimu wazitunze kazi hizo pamoja na chache za mkono, zote zikiwa na tarehe. Mistari minne ya mkono inayopanda na kushuka, ikiwekwa kando ya kurasa mbili alizochapa kwa muda uleule, haihitaji maelezo marefu.

Muda wa ziada ni ombi jingine, lenye sababu zake. Kama shida ni mkono tu, kompyuta huenda ikamtosha. Usiombe muda kwa sababu tu upo. Chukua SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea vyuo, ambao sasa hufanywa kwenye kompyuta: dakika zake 134, ukiongeza nusu, zinakuwa 201, na mwenye muda huo hawezi kuondoka mapema hata akimaliza. Kwa mtoto anayechoka upesi huo ni mzigo. Kama anahitaji kupumzisha vidole, mapumziko ya ziada yatamfaa zaidi.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: kikagua tahajia kwa kawaida huzimwa, na intaneti haipo. Nilimwona binti mmoja, mwandishi mzuri kabisa, amekwama kwenye neno moja. Analifuta, analiandika upya, anasubiri mstari mwekundu ambao usingetokea. Aya iliyofuata ilimponyoka. Mzimieni kikagua nyumbani na shuleni, wiki nyingi kabla.

Halafu mashine yenyewe. Kijana mmoja alikuja na idhini kamili ya kutumia kisoma skrini (programu inayosoma maandishi kwa sauti), lakini programu ya mtihani ilipofunga kila kitu kingine kwenye kompyuta, nayo sauti ikakatika. Fundi akahangaika, wenzake wakaanza, yeye amekaa na vipokea sauti masikioni hasikii kitu. Karatasi ya idhini ilikuwa sahihi. Hakuna aliyeijaribu mashine. Iliniuma sana, maana kijana hakukosa lolote.

Kwa hiyo mwandikie mratibu wa mitihani wa shule wiki hii, kwa maandishi, si kwa simu. Uliza tarehe ya mwisho ya maombi (SAT peke yake, ukaguzi unaweza kuchukua hadi wiki saba), kompyuta itakuwa ya nani, na ni lini mwanao ataijaribu hiyohiyo ikiwa na programu ya mtihani. Uliza pia kazi itahifadhiwaje umeme ukikatika, na kama itachapishwa kwenye karatasi, mwanao awepo athibitishe kurasa zote ni zake. Wakikujibu, weka hapa tuone, hasa wakikataa. Kukataliwa mara ya kwanza mara nyingi ni kwa sababu ya ushahidi pungufu, na huo tunaweza kukusaidia kuupanga.