Anga Safi, Ndege Yatikisika: Dhoruba Inahusikaje?

SWALI: Mhariri, nilisafiri usiku kwa ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Radi zilimulika mbali, upande wa ziwani, lakini tulikopita nyota zilionekana. Hata hivyo ndege ilitikisika mno. Je, dhoruba ya mbali yaweza kututikisa? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Yaweza, ndugu msomaji, kwa sababu dhoruba haiishii pale wingu linapoishia. Ndani ya wingu la radi, hewa ya joto yenye unyevunyevu hupanda kwa kasi kubwa mpaka inapokutana na hewa tulivu ya juu isiyokubali kusukumwa, ikaigonga na kurudi chini, na pigo hilo huzaa mawimbi yanayosambaa pande zote kama maji ya bwawa lililotupiwa jiwe. Mawimbi hayo huweza kufika makumi ya kilomita kutoka kwenye wingu, na yakikuta upepo unaobadilika ghafla kasi au mwelekeo, huumuka na kuvunjika kama mawimbi ya bahari yanapofika mwambani. Ndege ikipita hapo, abiria hawaoni kitu dirishani, ila wanakihisi.

Isitoshe, hewa inayomwagika kutoka kilele cha wingu, kile kilichotandazika kwa umbo la fuawe (chuma ambacho mhunzi hufulia vyuma juu yake), huusukuma upepo uliokuwapo, na mahali pepo hizo mbili zinaposuguana huwa na msukosuko.

Rubani naye ana rada, lakini rada ya ndege hutambua hasa matone ya mvua. Hewa tupu haioni. Ndiyo maana marubani hushauriwa kukaa angalau maili 20 mbali na dhoruba kali, na wakilazimika kupita juu yake, wapite juu ya kilele chake kwa futi 1,000 kwa kila noti 10 (noti ni kipimo cha kasi) za upepo wa kileleni. Kuruka juu kidogo tu ya wingu linalokua, kwa maoni yangu, ni hatari kuliko kulizunguka.

Mei 21, 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikuwa futi 37,000 juu ya Myanmar, na wachunguzi walisema katika ripoti ya awali kwamba huenda ilikuwa ikipita juu ya eneo lenye mawingu ya dhoruba yanayokua. Abiria mmoja alifariki na makumi walijeruhiwa. Tangu rubani aseme kwamba taa ya mikanda imewashwa hadi abiria wasiofunga mikanda kurushwa juu, zilipita sekunde 8 hivi.