Kumhamisha farasi kutoka Colorado kwenda Texas

Ndugu, umeuliza kama cheti cha chanjo kinatosha kumvusha farasi jike wako kutoka Colorado hadi Texas. Hakitoshi. Kanuni ya kwanza ni kwamba masharti huwekwa na jimbo unakoingia, kwa hiyo ulizia Texas kabla ya kukodi trela.

Texas wanataka karatasi mbili. Moja ni cheti cha afya cha daktari wa mifugo, kilichotolewa ndani ya siku 30 kabla ya kuingia. Nyingine ni majibu ya kipimo cha damu kiitwacho Coggins, yasiyozidi miezi 12, yanayoonyesha hana anemia ya kuambukiza ya farasi. Hapo hawana mzaha. Ugonjwa huo hauna tiba, husambazwa na nzi wakubwa wanaouma, na farasi akikutwa nao huuawa au hutengwa maisha yake yote. Damu hupelekwa maabara iliyoidhinishwa, basi usingoje wiki ya safari.

Majibu yakitoka, yasome pale pale mbele ya farasi. Fomu huonyesha rangi, baka la usoni, mguu gani una soksi nyeupe, yaani manyoya meupe juu ya kwato. Mguu wa kushoto ukiandikwa wa kulia, mwambie daktari arekebishe.

Halafu kuna hili ambalo wageni wengi hawalijui: Colorado yenyewe hairuhusu umtoe farasi bila mkaguzi wa chapa (alama ya mwenye mnyama inayochomwa kwenye ngozi) kuthibitisha ni wako, hata kama hana chapa. Tafuta risiti ya mauzo ya farasi umwonyeshe mkaguzi.

Siku moja kabla ya kuondoka, ipigie simu ofisi ya mifugo ya Texas. Mlipuko wa ugonjwa ukitokea, masharti hubadilika ghafla.