Maswali ya Wasomaji: Kwa nini 128 si nusu ya mwanga?

SWALI: Nina picha ya mistari myembamba ya pikseli moja moja, mweusi kisha mweupe. Nikiipunguza iwe nusu ya ukubwa wake, inageuka kijivu kizito, cheusi kuliko mistari yenyewe inavyoonekana kwa mbali. Kosa ni langu au ni la programu?

JIBU: La programu, na zinazokosea hivyo ni nyingi. Pikseli nyeusi ina 0, nyeupe ina 255. Programu inajumlisha, inagawanya kwa mbili, inaandika 128. Hesabu ya namba iko sawa, ila mwanga haukuhesabiwa. Ukisimama mbali, macho huchanganya mwanga wenyewe: nusu ya eneo inawaka yote, nusu imezimika, kwa hiyo unaona 50%. Sasa, katika sRGB, mfumo wa rangi unaotumiwa na picha na skrini nyingi, 128 hutoa takriban 22% tu ya mwanga. Namba inayotoa 50% ni 188.

Ni hivyo kwa sababu namba zilizo kwenye faili zimepindwa kwa gama, yaani mkunjo wa kipeo unaoinua namba za katikati na za gizani, kabla ya kuhifadhiwa, na hazipimi mwanga moja kwa moja. Kila unapotaka kuchanganya, kufifisha au kupunguza picha, zinyooshe kwanza, yaani zirudishe zipime mwanga wenyewe. Gawa thamani kwa 255. Jibu lisipozidi 0.04045, ligawe kwa 12.92. Likizidi, ongeza 0.055, gawa kwa 1.055, kisha pandisha hadi kipeo cha 2.4. Hapo ndipo utafute wastani. Kurudi: wastani usiozidi 0.0031308 uzidishe kwa 12.92, ukizidi hapo, upandishe hadi kipeo cha 1/2.4, zidisha kwa 1.055, toa 0.055. Mwisho zidisha kwa 255.

Usihifadhi thamani zilizonyooshwa katika biti 8 (ngazi 256 tu) njiani, maana sehemu za giza zitameguka. Tumia biti 16 au namba za desimali. Katika ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, amri ni hii:

`magick picha.png -colorspace RGB -resize 50% -colorspace sRGB ndogo.png`

RGB katika amri hiyo ina maana ya thamani zilizonyooshwa. Jina hilo limewapoteza wengi.

Kosa hilohilo hutia uchafu kwenye mchanganyiko wa rangi. Nyekundu tupu na kijani tupu, nusu kwa nusu, zikihesabiwa ovyo huzaa njano iliyofifia ya 128, 128, 0. Ukinyoosha kwanza unapata 188, 188, 0.

SWALI: Nimesoma kwamba gama ilitokana na televisheni za zamani zenye bomba la kioo. Zimeshapotea. Kwa nini tusihifadhi mwanga ulivyo?

JIBU: Ni kweli kwamba katika bomba lile mwanga haukulingana na volti, ulipanda kwa kipeo cha kati ya 2.2 na 2.5 hivi, na ishara ya televisheni ilipindwa kinyume ili kusawazisha. Lakini hata kama bomba lisingekuwapo, tungebuni mkunjo unaokaribia huo kwa sababu ya macho. Macho hupima tofauti kwa uwiano. Ukihifadhi mwanga ulivyo katika biti 8, kutoka 1 kwenda 2 mwanga unakuwa maradufu, na gizani utaona mistari kama ngazi. Kutoka 200 kwenda 201 ni nusu asilimia, hatua ambayo hakuna atakayeiona. Mkunjo huchukua ngazi zisizo na kazi huko juu na kuzipeleka gizani zinakohitajika.

Kamera hurekodi mwanga ulivyo katika faili ghafi, lakini kwa biti 12 au 14. Biti 14 ni ngazi 16,384, na 8,192 kati ya hizo huliwa na nusu ya juu ya mwanga peke yake. Huo ndio ubadhirifu ambao biti 8 haziwezi kuumudu.

SWALI: Picha yangu ni ya giza. Niongeze mng'ao au gama?

JIBU: Gama. Mng'ao wa kawaida hujumlisha namba ileile kila mahali: ongeza 37 na weusi wa 0 unakuwa kijivu cha 37, huku kila kilichokuwa 218 na kuendelea kikiungua na kuwa 255. Gama huacha 0 na 255 mahali pake na kuinua katikati. Kwa gama ya 1.5, thamani ya 64 hupanda hadi 101. Usipite kiasi, kwani chembechembe za kelele zilizojificha gizani hupanda pamoja na picha.

SWALI: Ninatengeneza michoro ya pande tatu. Je, kila picha ya kufunika umbo niitangaze kuwa sRGB?

JIBU: Picha za rangi, ndiyo. Ramani za mielekeo ya uso (normal map) na za ukwaruzo (roughness map), hapana. Hizo ni vipimo, wala hazikupindwa. Ukizinyoosha, taa itaangukia pasipo pake. Namba ya uwazi nayo iache ilivyo.

SWALI: Nitajuaje kama gama ya skrini yangu iko karibu na 2.2?

JIBU: Tengeneza mistari ya pikseli moja ya kulala, mweusi na mweupe, na katikati uweke mraba wa 186 (ndiyo nusu ya mwanga kwa gama tupu ya 2.2; 188 ni ya mkunjo wa sRGB). Kaa mbele ya skrini sawasawa, rudi nyuma, finya macho. Mraba ukiyeyuka ndani ya mistari, uko salama. Ukionekana mweusi zaidi, gama ya skrini iko juu ya 2.2, ukionekana mweupe zaidi, iko chini. Itazame picha kwa 100%, na skrini ikiwa katika idadi ya pikseli ilizoundwa nazo. Ikipunguzwa hata kidogo, mistari itahesabiwa ovyo kama katika swali la kwanza, itakuwa kijivu kizito, na utailaumu skrini kwa gama ya chini isiyo nayo.