Bethidei ya mama nyumbani: keki ya jiko la mkaa, na mama asishike mwiko

Bethidei ya mama ikifanyika nyumbani, mara nyingi anayelala amechoka kuliko wote ni mama mwenyewe. Kapika yeye, kapakua yeye, kaosha yeye. Baba, ukitaka siku iwe yake kweli, jikoni mwingie wewe na watoto tangu asubuhi mpaka chombo cha mwisho. Kazi kubwa ni keki, na oveni si lazima.

Vipimo ni robo robo: unga wa ngano robo kilo, sukari robo, majarini robo, mayai 5, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, iliki ya kusaga na ganda la limau lililokwaruzwa. Piga majarini na sukari kwa mwiko dakika 10 hadi iwe nyeupe na laini. Usiharakishe hapa, maana hewa unayoingiza sasa ndiyo itakayoinyanyua keki. Tia yai moja moja. Ukiona mchanganyiko umekatika, ongeza kijiko kimoja cha unga. Unga uliobaki chekecha na beking pauda, uchanganye taratibu, na ukishapotea acha. Ukiendelea kupiga, keki inatoka ngumu kama mkate.

Mtoto wa miaka 3 anaweza kupaka majarini kwenye sufuria na kuinyunyizia unga. Wa miaka 6 avunje mayai, lakini kila yai lipitie kwenye kikombe kwanza, kwa sababu yai viza moja likiingia bakulini umetupa vyote. Moto ukishawashwa, wote wakae mbali na jiko.

Sasa moto, ambao ndio unaoharibu keki nyingi. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, funika na uupashe moto dakika 15. Weka ndani sufuria ya keki yenye upana wa sentimita 22 hivi, mchanganyiko usizidi theluthi mbili. Funika kwa mfuniko bapa, kisha palia: makaa theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Watu wengi hufanya kinyume, ndiyo maana keki inaungua kitako huku katikati bado uji. Jiko likikaa upande, keki nayo itakaa upande. Usifunue kabla ya dakika 30, itabonyea. Harufu ya iliki ikijaa uani na kingo zikianza kuachana na sufuria, futa majivu pembeni mwa mfuniko, funua, choma kwa kijiti katikati. Kikitoka kikavu, tayari. Kwa kawaida ni dakika 45 hadi 50.

Mvua ikinyesha, jiko lisiingizwe chumbani hata kidogo. Gesi ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua.

Keki ipoe dakika 10 ndani ya sufuria, kisha igeuze kwenye ungo uliotandikwa kitambaa safi. Subiri saa moja na nusu kabla ya kupamba. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, krimu ya siagi huteleza kabla ya wimbo kuisha. Afadhali kikombe cha sukari ya unga na vijiko vya chai 4 vya maji ya limau, umwagie juu.

Chakula kisikusumbue. Rosti ya kuku ipikwe usiku wa kuamkia, siku yenyewe mpike wali tu.

Kumwagia mama maji kunafurahisha watoto, ila iwe uani, kwenye udongo au nyasi, sio kwenye vigae, na kabla hajasuka au kuvaa. Zawadi ya kanga ni nzuri sana, ila soma jina kabla ya kulipa, maana nyingine zina mafumbo. "Nani kama mama" haikosei. Doti huuzwa ikiwa haijakatwa. Mpelekee fundi aikate na kuipinda, ili mama ajifunge siku hiyohiyo anapowalisha watoto keki mmoja mmoja.

Jioni loweka sufuria ya keki kwenye maji ya moto mapema. Ile ya mchanga iache nje mahali pa juu, watoto wasipofika: mchanga hubaki na moto kwa saa nyingi, na mtoto anaweza kuuchezea akidhani umepoa. Umwage asubuhi.