Fremu huvutwa na moto: kwa wanaoanza kulehemu baiskeli

Fundi mgeni akiona fremu imepinda baada ya kulehemu, siku ya pili anaibana zaidi kwenye jigi, yaani kibanio kinachoshikilia mabomba ya fremu. Haisaidii. Jigi hushika mabomba, haishiki joto. Chuma kikipata moto lazima kitanuke. Kikizuiwa na chuma baridi kilichokizunguka, kinajisindilia palepale penye wekundu, na kikipoa kinabaki kifupi kuliko mwanzo. Ndiyo maana bomba huvutwa kuelekea upande uliopata moto mwingi.

Piga hesabu. Upande mmoja wa kiungo ukibaki mfupi kwa milimita 0.1 tu, bomba la kipenyo cha milimita 30 na urefu wa 400 litakuwa limehama zaidi ya milimita 1 kwenye ncha. Kwa macho hulioni hilo.

Kwa hiyo jigi itumie kupiga taki tu, yaani nukta ndogo za lehemu za kushikiza: juu, chini, kisha kushoto na kulia. Itoe fremu, ipime, irekebishe wakati taki bado zinakubali kusogea, halafu lehemu ikiwa huru, robo kwa robo, ukirukia upande wa pili kila mara. Kabla ya yote hayo, ncha za mabomba zikate zikae vizuri. Zikutanishe na uzishike kuelekea kwenye taa. Ukiona mwanga unapenya, rudi kwenye tupa. Pengo lililojazwa shaba ya kulehemia litavuta likipoa.

Shaba ya manjano inahitaji karibu nyuzi 900 za Selsiasi, lehemu ya fedha asilimia 56 hutiririka karibu na 650. Moto mdogo, mpindo mdogo. Ila fedha haina msamaha kwa pengo, na bei yake unaijua.

Kwenye bomba fupi la pedeli ndiko kazi ilipo, maana mabomba mengi hukutana hapo. Anza na bomba la siti peke yake, likague unyoofu wake kwenye meza bapa, ndipo uongeze mengine. Hesi za bomba fupi la pedeli zipitishie tapu, chombo cha kukatia hesi, mwishoni, kwa sababu hazitabaki kama zilivyokuwa. Bomba la shingo nalo hupoteza uduara, likawa kama yai. Weka kipande kinene cha shaba ndani kinyonye joto, na acha unene wa kutosha wa kusawazisha baadaye.

Kiungo kidogo cha breki ya nyuma, kile kinachounganisha mabomba mawili ya nyuma, hudharauliwa sana. Kikipoa, huvuta mabomba yote mawili ndani. Funga ekseli ya bandia yenye upana wa habu (kitovu cha gurudumu) yako, mfano milimita 130 au 135, na kipande chenyewe kiingie bila kugongwa.

Fremu yenye moto usiimwagie maji. Pima fremu ikiwa baridi kabisa, si vuguvugu. Funga uzi kutoka nyuma, penye ekseli, uzungushe shingo, urudi nyuma, kisha pima umbali wa uzi hadi bomba la siti, pande zote mbili. Zikitofautiana, usirudi na moto. Kunja mabomba ya nyuma kwa mkono, kidogo kidogo, ukipima kila baada ya kuvuta.